Changamoto kwa Kundi la Wahusika Wasio wa Kawaida: Msimamizi wa Mchezo wa Uhusika kama Fanani



1.0 Utangulizi

Neno changamoto limepata bahati mbaya katika Kiswahili cha miaka ya karibuni. Katika ripoti za ofisini, katika hotuba za mikutano na hata katika barua za kuomba radhi, neno hilo limegeuzwa kuwa shuka la kufunikia matatizo. Ukosefu wa maji huitwa changamoto, upungufu wa walimu huitwa changamoto, na daraja lililovunjika nalo huitwa changamoto. Hata hivyo, umbo la neno lenyewe linashuhudia maana nyingine. Changamoto ni ndugu wa changamka na changamsha. Kwa maana hiyo, changamoto ni jambo linalomwamsha mtu na kumtia ari ya kutumia uwezo alio nao. Tatizo humkuta mtu yeyote. Changamoto hutegewa mtu maalumu, na anayeitega hana budi kumjua huyo anayetegewa.

Mhadhara huu unaichunguza maana hiyo mahali ambapo pengine wataalamu wengi wa Kiswahili hawajazoea kupatazama, yaani kwenye meza ya mchezo wa uhusika. Huu ni mchezo ambao watu wachache, aghalabu watatu hadi sita, huketi pamoja na kusimulia hadithi moja kwa mdomo. Kila mchezaji hujivika mhusika mmoja na kusema mhusika huyo anafanya nini. Mmoja wao, ambaye hapa anaitwa msimamizi wa mchezo, hana mhusika wa peke yake. Yeye huubeba ulimwengu wote uliosalia: mvua, milango, wafanyabiashara, wafalme na maadui. Jambo lisilo na uhakika huamuliwa kwa kurusha dadu. Mchezo wa aina hii unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974.

Swali linaloulizwa ni hili: msimamizi afanyeje pale kundi la wahusika linapokuwa si la kawaida? Wachezaji wanne wanaweza kuja mezani wote wakiwa malenga. Kundi jingine linaweza kukosa mganga, au likawa na mhusika mmoja anayeruka angani ilhali wenzake wanatembea kwa miguu. Vitabu vya kanuni havikuwaandaa watu hawa. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba uchaguzi wa wahusika ni ombi la aina ya hadithi, na kwamba changamoto njema ni jibu la ombi hilo. Hoja hii inahusu moja kwa moja nadharia ya fasihi simulizi, kwa sababu inagusa uhusiano wa fanani na hadhira pale hadhira inapokuwa ndani ya hadithi.

2.0 Asili ya msimamizi

Msimamizi wa mchezo hakuzaliwa katika fasihi; alizaliwa jeshini. Mwaka 1824, huko Prussia, ofisa von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliokusudiwa kuwafunza maofisa. Kila upande uliandika amri zake, na mwamuzi alizipokea, akapima matokeo kwa dadu na majedwali, kisha akaueleza kila upande yale tu ambayo ungeweza kuyaona. Kanuni hizo zilikuwa nzito. Ndipo mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza kwamba mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aachiwe aamue kwa busara yake badala ya kufungwa na majedwali. Tangu hapo kazi ya msimamizi imevutwa na kamba mbili, kamba ya kanuni na kamba ya busara.

Hatua ya kutoka jeshi hadi mtu mmoja mmoja ilifanyika Marekani. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, David Wesely aliendesha mchezo ulioitwa Braunstein, ambamo wachezaji hawakupewa majeshi pekee bali baadhi yao walipewa nafsi za watu wa mji mmoja. Wachezaji walianza kufanya mambo ambayo hayakuwa katika mpango wake, hata yeye mwenyewe akadhani mchezo umeharibika. Dave Arneson, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji, aliona uwezekano mkubwa katika vurugu ile. Mwaka 1971 alianzisha ulimwengu wake wa Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakachapisha vijitabu vitatu vya Dungeons & Dragons.

Vijitabu hivyo vilikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, kasisi na msihiri. (Neno msihiri linafaa hapa kuliko mchawi, kwa kuwa mchawi katika Kiswahili ni mtu wa kudhuru, ilhali mhusika huyu anaweza kuwa mwema.) Mjanja mwenye ufundi wa kufungua makufuli aliongezwa mwaka 1975, na malenga akafuata mwaka 1976. Pamoja na uchache huo, vijitabu vya mwanzo vilieleza kwamba mchezaji anaweza kuruhusiwa kuwa karibu kiumbe chochote, hata joka, mradi aanze akiwa dhaifu na akue polepole. Kwa hiyo mhusika asiye wa kawaida si uasi uliozuka baadaye. Alikaribishwa tangu siku ya kwanza, ingawa hakuandaliwa kiti.

Inafaa kuilinganisha nafasi ya msimamizi na ile ya mchezaji wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na pande mbili zinatawaliwa na sheria zilezile. Anayeshinda amemshinda mtu aliyekuwa na nafasi sawa na yake. Msimamizi wa mchezo wa uhusika hana usawa wa namna hiyo. Akitaka, dari itaporomoka na wahusika wote watakufa, na hakuna kanuni itakayomzuia. Kumshinda mtu ambaye huwezi kushindwa naye hakuna fahari yoyote. Ndiyo maana swali la ugumu katika mchezo huu ni swali la haki kabla ya kuwa swali la ufundi.

3.0 Kipimo cha namba na kundi la kufikirika

Watunzi wa kanuni wamejaribu mara kadhaa kuutatua ugumu kwa hesabu. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2000, lilimpa kila adui kiwango cha ugumu. Nyuma ya namba hizo palikuwa na kundi la kufikirika la watu wanne: mpiganaji, kasisi, msihiri na mjanja. Pambano lililolingana na kundi hilo lilitarajiwa kulipunguzia takriban asilimia 20 ya nguvu na akiba yake, hivi kwamba baada ya mapambano manne hivi kundi lingehitaji kupumzika. Toleo la nne la mwaka 2008 liligawa majukumu waziwazi: wa kukinga, wa kushambulia, wa kuongoza na kuponya, na wa kudhibiti uwanja. Toleo la tano la mwaka 2014 lilitumia hesabu inayozingatia ngazi za wahusika na wingi wa maadui, na mwongozo wake wa mwaka 2024 ukairahisisha hesabu hiyo kwa kuondoa kanuni ya kuzidisha kwa wingi wa maadui.

Hesabu hizi zina manufaa, hasa kwa msimamizi mgeni. Zinamzuia asiwatupie wanafunzi wa siku ya kwanza joka la kale. Lakini namba hupima wingi wa nguvu, nayo haijui nguvu hiyo ni ya namna gani. Sanamu la mawe lililohuishwa lina kiwango kilekile cha ugumu liwe limesimama mbele ya wapiganaji wanne au mbele ya malenga wanne. Kwa wapiganaji, ni kazi ya misuli. Kwa malenga, ambao silaha yao ni kuvuta mioyo, sanamu hilo halina moyo wa kuvutwa. Kanuni zenyewe zinasema halirogeki kwa njia hiyo. Namba ni moja, ugumu ni miwili.

Gygax mwenyewe alionyesha njia nyingine. Mwaka 1975, katika mashindano yaliyofanyika Marekani, alileta hadithi ya kaburi lililojaa mitego, Tomb of Horrors, ambayo ilichapishwa mwaka 1978. Humo nguvu za mhusika zilisaidia kidogo. Upanga mkali haukumwokoa mtu aliyeingiza mkono mahali asipopachunguza. Kaburi lile lilimpima mchezaji aliyeketi kitini zaidi ya mhusika aliyeandikwa kwenye karatasi. Ni mtihani halali kwa mashindano, kwa kuwa walioingia walijua wamekuja kupimwa. Lakini msimamizi anayeufanya kuwa desturi ya kila wiki anawaambia wachezaji wake kwamba kuchagua malenga au mpiganaji ni mamoja. Kundi lisilo la kawaida litakuwa limekuja na ombi, na ombi hilo halitakuwa limesomwa.

4.0 Ushahidi wa Fumo Liyongo

Fasihi ya Kiswahili imewahi kulishughulikia swali hili kwa kina. Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale, ni hadithi ya mhusika ambaye kipimo cha kawaida hakimfai. Liyongo ni mrefu kupita watu wote, ana nguvu za kutisha, ni hodari wa upinde, na papo hapo ni mshairi na mjuzi wa ngoma. Silaha za kawaida hazimuui. Mtunzi anayetaka kusimulia hatari iliyompata mtu kama huyo anakabiliwa na tatizo lilelile la msimamizi: nini kitamtisha asiyetishika?

Tukio la mkoma linastahili kuangaliwa kwa makini. Watu wa msituni waliotumwa na Sultani wa Pate wanajifanya marafiki wa Liyongo, nao wanakula kikoa cha makoma, yaani kila mtu ana zamu yake ya kupanda mti na kuwaangushia wenzake matunda. Shauri lao ni kwamba zamu ya Liyongo ikifika, naye yuko juu akiwa ameishika miti kwa mikono miwili, wamfume kwa mishale. Kwa mtu wa kawaida mtego huu ni kifo. Nguvu nyingi hazimsaidii mtu aliyening'inia juu ya mti. Liyongo, zamu yake ilipofika, hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Sifa moja aliyokuwa nayo, shabaha, ndiyo iliyojibu mtego ambao sifa nyingine zote zisingeujibu.

Hapa pana nafsi mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Sultani, ambaye ni adui ndani ya hadithi, anataka Liyongo afe. Mtunzi, ambaye ndiye aliyemtia Sultani akilini mwa hadhira, anataka Liyongo aonekane. Mtego ni mmoja, lakini makusudio ni mawili. Msimamizi wa mchezo hubeba nafsi hizo mbili kwa pamoja kila anapofungua kinywa. Anapaswa kuwaza kama adui, vinginevyo hatari itakuwa ya bandia na wachezaji watainusa; na anapaswa kupima kama mtunzi, vinginevyo mamlaka yake yasiyo na mipaka yatawasaga. Makosa mengi yanayofanywa dhidi ya makundi yasiyo ya kawaida yanatokana na kuzichanganya nafsi hizi. Msimamizi aliyeudhika kwamba malenga amemlainisha mlinzi kwa wimbo mmoja huanza, bila kujijua, kumchukia malenga kwa niaba ya mlinzi.

Tukio la gereza linaongeza funzo jingine. Liyongo amefungwa, nguvu zake zimezuiwa kwa minyororo, na kifo kimekaribia. Mtunzi angeweza kumfanya aikate minyororo kwa mikono, na hadhira ingeshangilia, lakini isingejifunza lolote jipya kuhusu shujaa wake. Badala yake, Liyongo anampelekea mama yake ujumbe uliofumbwa katika ushairi kupitia kwa kijakazi Saada. Mama anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wanaudharau mkate ule na kumwachia mfungwa, kisha kelele za ngoma ya gungu, aliyowafundisha watu kuicheza, zinafunika sauti ya tupa inayokata chuma. Kilichozuiwa ni misuli. Kilichoachwa wazi ni ushairi, ngoma na uaminifu wa mama na kijakazi. Hatari njema hufunga mlango mmoja wa uwezo wa mhusika na kumlazimisha agundue mlango mwingine alio nao.

Hata kifo chake kinafuata kanuni hiyohiyo. Kinachomuua ni sindano ya shaba kitovuni, na anayeishika ni mwanawe aliyeshawishiwa kwa ahadi. Udhaifu wa mwili ni sindano. Udhaifu wa kweli ni mapenzi ya mzazi. Mtunzi aliona kwamba mtu asiyeshindika kwa mkuki hufikiwa kupitia kwa wale anaowapenda.

5.0 Malenga wanne mbele ya gereza

Mfano wa kubuni utasaidia kuishusha hoja hii mezani. Wachezaji wanne wamechagua malenga watupu, wa ngazi ya tano, chini ya kanuni za mwaka 2014. Wana uwezo wa kuwatia moyo wenzao ili dadu ziwaendee vizuri, wanajua sihiri za kuvuta mioyo na za kuponya, nao ni wepesi wa maneno. Hawana ngao kubwa ya kusimama mbele. Wanatakiwa kumtoa mfungwa gerezani kabla ya alfajiri.

Mpango wa kwanza unaomjia msimamizi mwenye hofu ni kuweka masanamu ya mawe langoni. Mpango huu unaufuta uchaguzi wa wachezaji wote wanne kwa mpigo mmoja. Watabaki wanaokoteza mikuki kama wapiganaji hafifu, na kwa muda wa saa mbili watajutia wahusika wao. Mpango wa pili ni wa msimamizi mpole: mlinzi mmoja mlevi ambaye beti mbili zinamtosha. Malenga watashinda upesi na watasahau upesi, kwa kuwa hakuna kilichowagharimu.

Mpango wa tatu unaanza kwa kusoma kanuni kwa makini. Sihiri ya kumvuta mtu moyo hudumu saa 1, na muda wake unapokwisha, aliyerogwa anajua kwamba amerogwa. Ndani ya sentensi hiyo moja mna hadithi nzima. Basi gereza liwe na zamu tatu za walinzi, ili wimbo uliofungua lango la nje ugeuke kuwa hasira ya mlinzi nyuma yao kabla hawajatoka. Mkuu wa gereza awe mpenzi wa muziki, tena anayewafahamu kwa sifa, hata awaalike ndani kwa moyo mkunjufu; lakini awe na mkuu wake anayemwogopa, naye atauawa iwapo mfungwa atatoroka. Tena pawe na malenga mwingine, mtumishi wa mkuu huyo, anayezitambua mbinu zao kwa sababu naye huzitumia.

Katika mpango huu hakuna kipaji kilichofungwa. Kila lango linaweza kufunguka kwa wimbo, na kila wimbo una deni. Wachezaji hawaulizwi tena kama wataweza kuingia. Wanaulizwa watamfanya nini mwenyeji wao mwema, ambaye ukarimu wake ndio utakaomuua. Hilo ni swali ambalo wapiganaji wanne wasingeulizwa, kwa kuwa wapiganaji wangelivunja lango na wasingemjua mkuu wa gereza kwa jina. Uzito wa swali umetokana na ajabu ya kundi lenyewe.

Jambo lingine linaloonekana ni la kifasihi. Malenga wanne si mtu mmoja aliyerudiwa mara nne. Mmoja anaweza kuwa mtu wa kejeli, mwingine wa maombolezo, wa tatu mpiga zumari asiyependa kusema, wa nne mwongo. Msimamizi akiwatazama kama kundi la aina moja, atawapa changamoto moja. Akimpa mwenye kejeli mkutano na mtu asiyevumilia kudhihakiwa, na mwombolezaji akampa mjane wa mlinzi, kila mmoja atakuwa na zamu yake ya kupanda mkoma.

6.0 Mapengo mengine

Kundi lisilo na mganga linahitaji mtazamo tofauti. Katika kundi la kufikirika la mwaka 2000, kasisi ndiye aliyefidia makosa. Jeraha la asubuhi lilifutika adhuhuri. Akiondoka kasisi, jeraha lina kumbukumbu. Msimamizi ana kishawishi cha kuliziba pengo hilo kwa kumleta mganga wa kuazima, mhusika anayemwendesha mwenyewe, anayetembea na kundi akiwatibu. Kwa kufanya hivyo anawarudishia wachezaji kitu walichochagua kukikosa. Lililo bora ni kulihamishia zito la hadithi kwenye uamuzi wa kurudi nyuma: njia ya kutorokea ionekane, maadui wawe na sababu ya kukubali mapatano, na siku tatu za kuuguza jeraha ziwe siku ambazo adui naye hakulala. Pengo hilo litaipa hadithi uzito ambao kundi kamili lisingeupata.

Mhusika anayeruka angani anazua ugomvi wa mara kwa mara. Wasimamizi wengi humjengea mapango yenye dari fupi hadi achoke kuwa na mabawa. Njia ya haki ni kuacha mabawa yafanye kazi na kuuliza yanagharimu nini. Anayevuka korongo kwa dakika moja anafika ng'ambo akiwa peke yake. Wenzake wanamwona kutoka upande wa pili, na yeye anawaona wakizingirwa. Uwezo umetumika, nao umezaa uchungu wake.

7.0 Pingamizi na mipaka

Inaweza kupingwa kwamba ulimwengu unaoshonwa kwa vipimo vya mashujaa ni ulimwengu wa uongo. Mlima hauulizi nani anapanda. Mwamuzi wa jeshi la Prussia asingebadilisha mto kwa kuwa kikosi hakikuwa na mashua. Pingamizi hili lina nguvu, na halifai kupuuzwa. Endapo kila kufuli litakuwa na ufunguo ambao wachezaji tayari wanao mfukoni, watakuja kutambua kwamba hawako katika ulimwengu bali katika maonyesho, na ushindi wao utapoteza ladha.

Jibu linapatikana katika sanaa ya kitendawili. Anayetega kitendawili huchagua, kati ya mambo yote ya dunia, jambo ambalo waliomzunguka wanaweza kulifikia kwa kufikiri. Nyumba isiyo na mlango ni yai, na kila aliyewahi kulivunja yai ana njia ya kufika. Kumtegea mtu wa bara kitendawili cha sehemu za jahazi ambazo hajawahi kuziona si ugumu, ni kumwonea. Lakini baada ya kutega, mtegaji hawezi kubadili jibu. Akisikia jibu sahihi hana budi kulikubali hata kama limekuja upesi kuliko alivyotaka, na walioshindwa nao humpa mji kabla ya kuambiwa. Kuna uhuru kabla ya kutega, na kuna sheria baada ya kutega.

Msimamizi ana mpaka huohuo. Kabla ya kusema, ana haki, na tena ana wajibu, wa kuchagua ni upande gani wa ulimwengu utakaowakabili hawa anaowajua. Akishasema, mto ni mto. Kubadili matokeo ya dadu kwa siri, hata kwa huruma, ni kuondoa maana ya uchaguzi wote uliotangulia, kwa kuwa mchezaji aliyechagua vibaya na aliyechagua vyema wamefikishwa mahali pamoja. Vilevile ni halali, na ni vizuri, baadhi ya milango isifunguke kabisa kwa kundi hili, mradi ionekane kuwa imefungwa na pawepo njia nyingine. Masanamu ya mawe yanaweza kuwepo mahali fulani mjini, malenga wakayaona kwa mbali na kujua kwamba huko si kwao. Dunia iliyo kubwa kuliko mashujaa wake inabaki dunia.

Mkataba huu wa mezani ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Hauna hakimu wa nje. Mchezaji aliyejivika mhusika wa ajabu amejianika mbele ya wenzake. Mara nyingi ameweka ndani ya mhusika huyo kitu asichokisema waziwazi. Akipuuzwa au akiadhibiwa kwa uchaguzi wake, hatalalamika sana. Mara ijayo ataleta mpiganaji wa kawaida mwenye upanga wa kawaida, na meza itakuwa imepoteza hadithi ambayo haitajulikana kamwe. Hasara hiyo haihesabiki kwa dadu.

8.0 Hitimisho

Nadharia ya fasihi simulizi imesisitiza kwa muda mrefu kwamba fanani huibadili ngano kulingana na hadhira iliyo mbele yake: mbele ya watoto huirefusha nyimbo, mbele ya wazee huongeza fumbo. Mchezo wa uhusika unaupeleka ukweli huo hatua moja mbele, kwa kuwa hadhira yenyewe ndiyo inayomleta mhusika mkuu, na fanani anabaki na kazi ya kumtafutia mkoma wake. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, hapa pana uwanja wa utafiti wenye rutuba: lugha ya papo kwa papo, utendaji wa majibizano, na istilahi ambazo bado zinasubiri kuundwa. Wanaotaka kuanza hawahitaji kwenda mbali. Liyongo amesubiri muda mrefu mtu wa kumwangalia kama swali la ugumu badala ya swali la tarehe za kuzaliwa kwake.

Neno changamoto nalo litafaidika. Sultani wa Pate alimletea Liyongo matatizo. Kijumwa alimletea changamoto. Silaha zilikuwa zilezile na mtego ulikuwa uleule, lakini mmoja wao alikuwa amemtazama mtu huyo vya kutosha kujua kwamba ana shabaha, ana wimbo na ana mama.